Mtaa una baa sita na zote zinapiga amapiano: ya saba ifanye nini?

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimekuwa mhasibu hotelini kwa miaka mingi na sasa nataka kufungua sehemu yangu ya starehe hapa Dar. Nimepata eneo la kukodi Sinza, jirani na barabara ya Shekilango. Tatizo, mtaa ule una baa sita tayari, na ukipita Jumamosi usiku zote zinapiga amapiano na bongo fleva, spika zimetazamana. Goba tuna kiwanja cha familia, hicho ni cha bure, na hakuna baa kubwa karibu. Mume wangu anasema twende Goba tukae peke yetu. Mdogo wangu anasema Sinza, ila tupige muziki wanaopiga wenzetu. Mimi moyo wangu uko kwenye rumba na zilipendwa, tena bendi ipige jukwaani. Nani yuko sahihi? Na kwa nini hawa sita wafanane hivyo wakati watu wana ladha tofauti?"
Msomaji, Kijitonyama

JIBU

Dada yangu, mdogo wako yuko sahihi kuhusu Sinza na wewe uko sahihi kuhusu rumba. Bendi ndiyo itakayotuweka hapa muda mrefu, kwa sababu bendi ni suala la hesabu kuliko la ladha. Mumeo naye ana hoja, lakini ni hoja ya biashara nyingine tofauti na hii unayoiota. Nitaifikia.

Naanza na swali lako la mwisho, la kwa nini sita wanafanana, maana mengine yanatokana na hilo.

Mwaka 1929 mchumi wa Marekani, Harold Hotelling, aliandika makala kuhusu wauza duka wawili kwenye mtaa mmoja. Wateja wametawanyika mtaa mzima na kila mmoja ananunua kwa aliye karibu naye. Muuzaji anayesogea kidogo kuelekea katikati anamega wateja wa mwenzake bila kupoteza wale walio nyuma yake, kwa hiyo wote wawili wanasogea, wanasogea, mwisho wanakutana katikati mgongo kwa mgongo. "Mtaa" wa Hotelling unaweza kuwa barabara ya kweli, unaweza pia kuwa ladha: upande huu taarab, upande ule amapiano. Miaka 50 baadaye, mwaka 1979, wachumi watatu, d'Aspremont, Gabszewicz na Thisse, walionyesha kwamba hesabu ile ilisahau kitu. Wauzaji wakisogeleana mno wataanza kupunguziana bei, na vita ya bei ikianza faida inakwisha. Kwa hiyo ipo nguvu ya pili inayowatenganisha, hofu ya kushindana kwa bei.

Sasa angalia baa. Bei ya bia inajulikana na kila mtu mtaani, na mara nyingi kampuni yenyewe imeibandika kwenye mabango. Hakuna mwenye baa Sinza anayeamka asubuhi akashusha bei ya bia ya Safari kwa nusu ili kummaliza jirani. Vita ya bei ni hafifu, na inapokuwa hafifu, ile nguvu ya kutenganisha nayo inalegea. Inabaki ile ya kwanza peke yake: sogea walipo watu. Ndiyo maana spika zimetazamana.

Lakini usije ukadhani kila anayeingia mtaani analazimika kufuata wengi. Mwaka 1952 mchumi Peter Steiner aliandika kuhusu vituo vya redio Marekani, na hesabu yake inaingia Sinza bila kukunjwa. Tuseme mtaa wako unapokea wanywaji 1,000 kwa usiku: 700 wanataka amapiano na bongo fleva, 200 rumba na zilipendwa, 100 taarab. Anayefungua wa kwanza anapiga amapiano na kuchukua 700. Wa pili naye hivyohivyo, wanagawana 350 kwa 350, na bado ni zaidi ya 200. Wa tatu anapata 233, bado inalipa kufuata mkumbo. Wa nne ndiye wa kwanza kujikuna kichwa, kwa kuwa 700 kwa nne ni 175, na wale 200 wa rumba wamekaa hawana kwao. Wewe ni wa saba. Amapiano itakupa watu 100. Rumba itakupa 200.

Kwa hesabu hiyo tupu, angalau baa moja kati ya zile sita ilipaswa iwe imeshahamia kwenye rumba. Haijahamia hata moja, na wenye baa si wajinga. Kuna mambo mawili ambayo Steiner hakuhitaji kuyawaza kwa sababu redio unaisikiliza peke yako na haina viti.

La kwanza ni kundi. Watu hawaji baa mmojammoja. Wanakuja watatu, wanne, watano, na kabla ya kuja wamebishana kwenye kundi la WhatsApp waende wapi. Mpenda rumba akiwa mmoja kati ya watatu, ataburuzwa. Nimekupigia hesabu. Ikiwa watu 70 kati ya 100 wanapenda amapiano na makundi yameundwa bila mpangilio wowote, basi kwa makundi ya watu watatu, wingi wa kura utaipa amapiano makundi 78 kati ya 100. Kwa makundi ya watano itakuwa 84. Wale wachache wanapungua zaidi kila kundi linavyokuwa kubwa, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyebadilisha ladha yake. Ukikaa kwenye moja ya zile baa sita Jumamosi utamwona huyo aliyeburuzwa: mzee wa miaka 48 hivi, amekaa pembeni ya meza na kuipa spika mgongo, anaangalia simu, na bili ikija yeye ndiye anayenyoosha mkono. Naomba umkumbuke huyo bwana. Biashara yako ni yeye.

Ukweli ni kwamba makundi hayaundwi kwa bahati nasibu kama nilivyokokotoa. Wapo waliosoma shule moja na kumaliza kidato cha nne mwaka mmoja. Wapo waliostaafu ofisi moja, wana kikoba, wanakwaya, wafanyakazi wa benki wa kitengo kimoja. Katika makundi haya umri ni mmoja na ladha inakaribiana, kwa hiyo hakuna wa kumburuza mwenzake. Muziki wa walio wachache mjini huishi kwenye makundi ya namna hii. Kwa hiyo usimtafute mteja mmoja anayependa rumba, watafute wenye kikoba. Wauzie meza, siyo kiti. Mtu mmoja wa kikundi akiridhika anakuletea kumi na wawili kila mwisho wa mwezi, na hao kumi na wawili hawahitaji bango.

La pili lililowazuia jirani zako kuhama ni gharama ambayo haijali umepata wateja wangapi. Hapa ndipo bendi inapoingia, kwa hiyo chukua kalamu, wewe ni mhasibu.

Tuseme kila chupa ya bia inakuachia shilingi 600 baada ya kutoa bei ya kununulia. Hizi ni namba za mfano, weka zako ukizipata. DJ anakuja na laptopu yake kwa 100,000 usiku mmoja. Ili kumlipa tu unahitaji kuuza chupa 167, na kama mteja anakunywa nne, hao ni watu 42. Bendi ya watu kumi, vyombo, usafiri wa kuvibeba na fundi mitambo, tuseme 800,000. Kuilipa hiyo unahitaji chupa 1,334, yaani watu zaidi ya 330 wanaokunywa chupa nne nne. Kati ya wale wapenzi wako 200 wa rumba, hata wakija wote wasibaki nyumbani hata mmoja, hawatoshi. Jirani zako walijua hili kabla yangu, ndiyo maana hawajawahi kuthubutu.

Sasa ongeza kiingilio. Ukitoza 5,000 na wakaja watu 120 tu, una 600,000 mlangoni. Iliyobaki ni 200,000, ambayo ni chupa 334, chini ya tatu kwa kila mtu. Ghafla inawezekana. Bendi kwenye bia peke yake haisimami, bendi kwenye kiingilio inaweza kusimama. Na kiingilio hukitozi mahali ambapo jirani anatoa kitu kilekile bure. Tofauti yako na wale sita ndiyo inayokupa haki ya kusimamisha mtu mlangoni na kumwomba 5,000. Mwenye baa ya amapiano mtaa ule akijaribu hivyo, wateja wanavuka barabara.

Tahadhari moja kwenye hesabu hii: hesabu watu ambao wasingekuja bila bendi, siyo watu waliokuwepo siku ya bendi. Wenye baa wengi wanaona ukumbi umejaa Ijumaa ya bendi wanashangilia, kumbe nusu yao ni wateja wa Ijumaa zote, waliokuwa watakunywa chupa zao nne hata kwa muziki wa flashi.

Utaniuliza: mbona zamani Dar ilikuwa na bendi kila kona, na mji ulikuwa mdogo kuliko sasa? Swali zuri, na jibu lake wapenzi wa zilipendwa hawalipendi. Wengi wa wale wanamuziki walikuwa na mwajiri. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, halafu OTTU, na leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, Bima Lee ya Shirika la Bima, na majeshi nayo yalikuwa na bendi zake. Vyombo vilinunuliwa na shirika na mpiga gitaa alikuwa na mshahara. Ile gharama ya 800,000 niliyokuchorea, kwa sehemu kubwa haikulipwa mlangoni wala kaunta. Baa ilipata bendi kwa bei ambayo soko peke yake lisingeiweza, na mji ukapata aina nyingi za muziki kuliko wingi wa wanywaji wake ulivyostahili. Mashirika yalipoanza kukatwa ruzuku na kubinafsishwa, gharama ile ilirudi kwa mwenye ukumbi. Keyboard moja ikachukua nafasi ya watu watano, kisha DJ akachukua nafasi ya keyboard.

Lakini miaka ile inatufundisha jambo jingine ambalo bado lina kazi: mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Mlimani walikuwa Sikinde, JUWATA walikuwa Msondo, Vijana walikuwa na Pambamoto, Maquis walikuwa na Kamanyola. Mtu wa nje angesikia rumba tu, magitaa na tarumbeta. Mpenzi alijua tofauti tangu mpigo wa kwanza, na akabishana kuhusu Sikinde na Msondo kama wanavyobishana watu wa Simba na Yanga. Kwa lugha ya uchumi, walikuwa wamesogeleana sana kwenye aina ya muziki, wote wako kwenye dansi ambako wateja ni wengi, halafu wakajitenga kwa mtindo. Ndivyo walivyokwepa vita ya bei: mpenzi wa kweli wa Msondo hakuhama kwa sababu kiingilio cha Sikinde kilishuka. Ukimwona mwenye baa leo anasema "mimi natofautiana, napiga amapiano laini", usimcheke. Anajaribu kitu kilekile, ila amesahau kukipa jina.

Na ushindani wenyewe ulikuwa mkali zaidi nyuma ya jukwaa kuliko mbele yake. Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka JUWATA kwenda Mlimani Park, na mwaka 1985 wakachukuliwa na Orchestra Safari Sound, ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Mwenye pesa hakuwagombania wanywaji mmojammoja, aligombania waimbaji wawili watatu, wanywaji wakafuata. Tarajia hali hiyohiyo Sinza. Jirani hatakuibia wateja, atakuibia mchoma nyama. Mchoma nyama mzuri akihama na jiko lake, meza zinahama naye ndani ya wiki mbili, na rumba yako itabaki inapigia viti.

Nimetaja jiko, ngoja nimalizie. Baa nyingi za Dar hazimiliki jikoni kwao. Jiko limekodishwa kwa mtu mwingine anayelipa pango kwa wiki au kwa mwezi. Ni utaratibu mzuri kwako, maana unagawana gharama na mtu anayeijua kazi, na unaweza kuwa na majiko mawili, la mbuzi na mishkaki na la samaki, bila kuajiri wapishi sita. Kitimoto ifikirie kwa makini. Ina wateja waaminifu, lakini kwenye kundi la watu wanane wa ofisi moja akiwemo mmoja asiyekaa penye kitimoto, kundi zima linakwenda kwingine. Ni ileile hesabu ya kura, ila safari hii mmoja anawashinda saba.

Sasa mahali. Mumeo anaona baa sita kama maadui sita. Nikuombe ulifuate kundi moja la Jumamosi kuanzia saa 1 jioni. Watu wanne wanaanza kwa nyama choma mahali penye bustani. Saa 4 wanahama kwenda kwenye muziki wa kusikiliza huku wakizungumza. Saa 7 wale wenye nguvu wanakwenda klabu, wenye miaka 45 wanaagana. Alfajiri kuna supu. Huko ndiko kuruka viwanja, na kunawezekana tu pale viwanja vilipo karibu kiasi cha kutembea kwa miguu au kwa bajaji ya muda mfupi. Anayetoka Mbagala au Kimara Jumamosi hajui atakaa baa gani, anajua anakwenda Sinza. Zile baa sita kwa pamoja ndizo zilizomtoa nyumbani. Zinashindana zenyewe kwa zenyewe kuanzia saa 3 usiku, lakini kabla ya saa 3 zinashindana kwa pamoja na Tabata, Kinondoni, Mikocheni, na sofa ya mteja mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kukaa penye watu. Mwaka 1991 mchumi Gary Becker aliandika makala fupi iliyoanzia kwenye migahawa miwili ya Palo Alto, California, iliyotazamana. Mmoja una foleni, wa pili una viti vitupu, chakula na bei havitofautiani sana, na ule wenye foleni haupandishi bei. Maelezo yake ni kwamba mtu anataka kuwa mahali wengine wanapotaka kuwa. Kwenye starehe hilo ni kweli mara kumi. Ukumbi mtupu hauuziki hata bia ikiwa baridi namna gani. Sinza una watu wanaopita mlangoni, kwa hiyo ukumbi wako unaweza kujaa kwa bahati na kujaa kukaleta kujaa. Goba hakuna anayepita kwa bahati saa 4 usiku. Ukianza mtupu, utabaki mtupu.

Na kinachonishangaza ni kwamba watu wengi wanafikiri kinyume: wanakwenda mbali ili wawe wa kipekee. Ukiwa peke yako Goba, mteja wako ni mtu aliyefika nyumbani saa 1 jioni kutoka mjini na hataki kurudi barabarani. Anataka bia, kuku, mpira wa Yanga, wimbo wa wastani na sehemu ya watoto Jumapili. Jirani yake anataka taarab. Mke wa jirani anataka utulivu. Wote ni wako na hawatoshi kugawanywa, kwa hiyo lazima upige kitu ambacho hakuna atakayekichukia sana. Upweke utakulazimisha ufanane na kila mtu. Msongamano wa Sinza ndio unaokuruhusu kuwa tofauti, kwa kuwa unao watu wa kutosha hata kwa jambo linalopendwa na mmoja kati ya watano.

Hiyo haina maana kwamba Goba haifai. Inafaa kwa bustani ya familia, na mumeo akitaka kuiendesha hiyo atapata riziki tulivu isiyotegemea mitindo ya mji. Ila msiandike kwenye daftari kwamba kiwanja ni bure. Kuna mtu angekilipia kodi kila mwezi kwa karakana au ghala. Kodi hiyo msiyoipokea ni pango mnalolipa.

Nikirudi kwenye rumba yako: usitofautiane na majirani kwa aina ya muziki peke yake. Tofautiana nao kwa siku na kwa saa. Kiti cha baa kinafanana na kiti cha daladala, kikiondoka kitupu hakuna wa kukirudisha, na viti vya mtaa ule viko vitupu kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku, siku tano kwa wiki. Yule bwana wa miaka 48 hataki kukaa hadi saa 8. Angependa kuingia saa 11 jioni akitoka kazini, asikilize saa tatu za rumba, ale, na saa 3 na nusu awe njiani. Kijana anaanza kupiga pasi shati saa hiyohiyo. Kiti kimoja unakiuza mara mbili. Weka bendi Alhamisi jioni na Jumapili alasiri, siku ambazo bendi zenyewe hazigombewi sana na bei yake inashuka. Ijumaa na Jumamosi usiku mkubwa piga wanachopiga wenzako bila aibu, maana siku hizo wateja waliozidi nafasi za wale sita wapo, na kodi ya pango haijui rumba. Najua hili linakuuma kidogo.

Kabla ya kupanga ratiba, andika ratiba ya kila jirani: nani ana ofa Jumatano, nani ana karaoke. Panga yako kwenye mapengo. Ila mkikaa pamoja msije mkapanga bei, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hata kama mmekubaliana kwa kicheko juu ya meza ya supu.

Kampuni za bia zitakuja wiki ya kwanza. Watakupa friji, viti, meza, watakupakia ukuta rangi. Kwa mtaji mdogo ni msaada mkubwa, sikatai. Soma masharti. Friji ya bure mara nyingi inataka ijazwe bia za mwenyewe tu, na ukuta uliopakwa rangi ya bia unakufanya ufanane na baa mia nyingine, jambo tunalolikimbia. Ugomvi wa TBL na Serengeti kuhusu matangazo kwenye mabaa ulifika hadi Tume ya Ushindani. Uingereza iliona tatizo hilo mapema: mwaka 1989 serikali iliwabana watengenezaji bia waliomiliki zaidi ya baa 2,000, kwa sababu baa inayomilikiwa au kufungwa na kampuni humnyima mteja uchaguzi. Wewe chukua viti, kataa rangi.

"Kina dada bure" usianze nayo. Hesabu yake inajulikana: upande mmoja haulipi ili upande wa pili uwe na sababu ya kulipa. Inafanya kazi kwa yule wa kwanza mtaani. Jirani wote wakiiga, kiingilio cha nusu ya ukumbi kimepotea na hakuna aliyepata mteja mpya. Kwa wateja wako wa Alhamisi, wengi wao wanakuja na wenzi wao au na kikoba, haina kazi kabisa, na mimi binafsi naona inamfanya mwanamke mzima aonekane kama sehemu ya ofa.

Sheria itakuamulia mengi kuliko ladha. Nairobi ni mfano mzuri. Sheria ya pombe ya Kenya ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na klabu za usiku saa 1 jioni hadi saa 9 alfajiri. Aina ya leseni ikageuka kuwa aina ya biashara. Mwishoni mwa mwaka 2022 Gavana Sakaja akatangaza kusitisha leseni za klabu kwenye makazi ya watu. Hatua kama hiyo huwapa usingizi wakazi, na huwapa wenye klabu wa maeneo yaliyobaki, Westlands kwa mfano, thamani ambayo hawakuifanyia kazi. Hapa kwetu NEMC, baraza la mazingira, wamekuwa wakifungia baa na kumbi kwa kelele, na mwaka 2023 walifanya hivyo kwa nguvu. Bendi inayomaliza saa 3 na nusu usiku ina hatari ndogo kuliko spika ya saa 9. Hiyo ni faida ya ratiba yako ambayo haionekani kwenye daftari la kaunta hadi siku wanapokuja.

Kwa hiyo kazi ya mwezi ujao. Kaa mtaani pale Alhamisi mbili na Jumapili mbili, kuanzia saa 10 jioni. Hesabu meza zenye watu wa zaidi ya miaka 40, na ukiona kundi waulize wametoka wapi na wanakutana mara ngapi. Ukipata makundi 15 ya kukuahidi meza moja kwa mwezi, una bendi. Usipopata, anza na DJ wa zilipendwa, bendi moja mwisho wa mwezi, uone kiingilio kinavyoitikiwa. Mwenye nyumba atataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Omba miezi sita, na mwambie aandike kwenye mkataba kwamba akikuongezea pango ni kwa kiwango mlichokubaliana sasa, kwa sababu akiona ukumbi umejaa Alhamisi, wa kwanza kudai sehemu ya kiingilio atakuwa yeye.